Kidole cha Baba Kwenye Foleni ya Maharagwe

Jumatano, katikati ya mwezi wa saba. Asubuhi ukungu ulishuka hadi ndani ya boma, nikamkamua ng'ombe nikiwa namwona nusu, ile nusu ya nyuma. Saa sita jua lilichungulia kidogo, likaona Molo iko vile vile, likarudi. Jioni manyunyu.

Naandika leo kwa sababu jambo la vidole limeisha, au limekaribia kuisha. Mimi si mtu wa kuandika. Niliachia darasa la saba, na daftari hili ni la mtoto, zile kurasa za nyuma alizobakisha mwaka jana. Nitajaribu kueleza bila kumwonea mtu, hata kampuni.

Zamani chakula cha mchana cha shule yetu kilipikwa na sisi wazazi kwa zamu. Zamu yangu ilipofika mimi na jirani yangu tulitia chumvi kila mtu kwa wakati wake, na watoto walishinda kwenye mfereji wakinywa maji mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kwa hivyo kamati ya shule iliposema itaipa kampuni ya Nairobi kazi ya kupika, na kampuni itakuja na mashine ya kuhakikisha kila mtoto amekula, wengi waliinua mkono. Mimi niliinua, nikashusha, nikainua tena. Siwezi kusema sikukubali.

Na chakula kilikuwa kizuri. Hilo lazima niliseme mapema, nisije nikalisahau nikianza kukasirika. Maharagwe yalichaguliwa mawe. Mchele ulikuwa mchele. Mpishi waliyemleta ni mama mmoja mnene mwenye utani, anayepakua kwa mkono mwepesi, na sijasikia mtoto akilalamika juu yake.

Shida ilikuwa mashine. Kila mtoto alitakiwa kuandikishwa kidole gumba, na siku ya kuandikisha ilikuja mara tu baada ya likizo ya Aprili. Sasa likizo ya Aprili huku kwetu watoto huchimbua viazi. Udongo wa Molo ni baridi na una meno, na mtoto akichokora viazi kwa mkono likizo nzima, kidole chake kinabaki kama gome. Mashine yenyewe ni kitu kidogo kama kiberiti, kina taa ya kijani na sauti ya mwanamke mwenye subira. Mtoto anaweka kidole, mwanamke anasema, "Jaribu tena." Anaweka tena. "Jaribu tena." Watoto wa walimu na wa wenye maduka walipita vizuri. Wa kwetu walijaribu tena.

Binti yangu, ambaye yuko Gredi ya Nne, alijaribu mpaka akaanza kumjibu yule mwanamke wa ndani. Dada wa kampuni, msichana mstaarabu mwenye tableti, alimfuta kidole kwa leso, akakipulizia, mwisho akaniangalia mimi.

"Mzazi, hebu jaribu chako. Pengine mashine ndiyo mbovu."

Nikaweka. Mimi hukamua ng'ombe asubuhi na jioni kwa jeli ya kukamulia, na vidole vyangu ni laini kuliko ninavyopenda watu wajue. Mashine ikasema, "Asante."

Dada akafurahi sana. "Haya, ameingia."

"Nani ameingia?"

"Mtoto."

"Lakini kidole ni changu."

"Sistimu inataka kidole," akasema. "Haijasema cha nani."

Hapa msomaji atauliza kwa nini sikukataa. Nami nimejiuliza. Ukweli ni kwamba kwetu kumwazima mtu kidole si ajabu. Mama yangu alipozeeka nilikuwa namshika mkono na kumgandamizia wino. Pale tunapopeleka maziwa, jirani akisafiri nampigia dole gumba lake na yeye hunipigia langu, na ng'ombe hawajawahi kulalamika. Niliona ni msaada kama msaada mwingine.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Mama Mapacha, jirani yangu, ambaye huchimbua viazi vya watu mwaka mzima. Vidole vyake ni kama vya watoto wake, gome tupu. Aliniangalia mkono kwa muda.

"Jirani," akasema, "hivyo vingine unavitumia?"

Nikampa cha shahada kwa pacha wa kwanza na cha kati kwa pacha wa pili. Dada alisema kidole ni kidole.

Halafu yalikuja maswali. Mtoto anaishi na nani, dini gani, mzazi anafanya kazi gani, ana ugonjwa gani, anakojoa kitandani au hakojoi. Niliyajibu yote, maana mimi nikiulizwa huwa najibu. Lakini kwa lile la mwisho binti yangu alikuwa amesimama kando yangu ameshika koti langu, na nadhani nilikohoa. Au nilisema kitu. Hapo ndipo kumbukumbu yangu ilikuja kunitesa.

Basi nikawa mtu wa kwenda shule kila mchana. Ng'ombe naacha, majembe naacha, natembea nikiwa nimeficha mkono wa kulia mfukoni usipasuke kwa baridi. Mpishi akiniona kwa mbali anaita, "Boss, umekuja na mkono au umeusahau?" Naweka kidole gumba. "Karibu, mwanafunzi," inasema mashine. Mwanzo nilikuwa nashukuru, mpaka watoto wakacheka. Walinipa jina la Mzee wa Gredi Nne. Nilijitahidi kubadilisha zamu za vidole, leo gumba kwanza, kesho cha kati, ili watoto wa Mama Mapacha wasione wao ndio wa mwisho kila siku kwa sababu tu mkono ni wa baba wa mwenzao. Siku nilipojikata kwa panga kidole cha kati, pacha wa pili aliniangalia kama mtu aliyeona kabati la chakula likifungwa. Nikabandua plasta. Alikula.

Msiseme sikujaribu kurekebisha. Nilimpaka binti yangu jeli ya kukamulia mpaka kidole chake kikawa kama cha karani, nikampeleka kwa yule dada. Akasema haiwezekani. Mtoto ameshaingia, na aliyeingia haingii mara mbili.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi amalize shule, nafikiri. Mimi huzoea vitu haraka, mke wangu anasema hilo ndilo tatizo langu. Lakini kampuni ilileta skrini.

Mwalimu mkuu alitueleza kwamba ni ya uwazi, wazazi waone kazi inavyofanyika. Ikatundikwa juu ya meza ya kupakulia, imeangalia foleni, kubwa kama mlango wa choo. Siku ya kwanza nilienda kama kawaida, nikaweka gumba. Picha ya binti yangu ikatokea. Chini yake darasa, dini, anaishi na nani, kazi ya mzazi, na mwisho kabisa, kwa herufi ninazoweza kusoma bila miwani: ANAKOJOA KITANDANI: NDIYO.

Nilitoa kofia nikairusha pale juu. Haikufika. Nikabonyeza cha shahada haraka ili picha ibadilike, ikaja ya pacha wa kwanza, na yeye pia NDIYO, lakini yule ni mtoto asiyejali, alipiga saluti. Binti yangu alijali. Watoto wetu wanasoma vizuri siku hizi, hilo niwape walimu haki yao. Foleni nzima ilimaliza kusoma kabla yangu.

Tangu siku hiyo akipita, wenzake walikuwa wanaweka sahani kichwani na kusema inanyesha. Hapo ndipo aliporudisha sahani mezani ikiwa tupu, akaondoka.

Jioni aliniuliza mbele ya mama yake. "Baba, uliwaambia?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Sijui kama kuna jibu baya kuliko hilo. Mke wangu, ambaye hupeleka kabichi Nakuru kwa lori la alfajiri na hurudi jioni akiwa amechoka, aliweka sufuria chini akaniangalia.

"Wewe," akasema, "ukiulizwa saa unaanza na aliyekuuzia hiyo saa. Uliwaambia."

Huenda. Ndivyo nilivyo. Na kama jambo lenyewe ni kweli au si kweli, hapa siandiki. Daftari hili nalo lina macho.

Tukafika mahali pabaya. Nisipoenda shule, mtoto hali, kwa kuwa mashine haimjui. Nikienda, mashine inamtangaza. Akaniomba asubuhi kwa sauti ndogo, "Baba, usije." Nikakaa. Akashinda njaa, yeye na mapacha. Kesho yake nikawapelekea viazi vya kuchemsha nikavipitisha kwenye ua. Askari wa geti, ambaye naye ni wa kampuni nyingine, akanishika. Alisema mkataba hauruhusu chakula cha nje. Akavichukua, na kwa kuwa havikuweza kurudi nje wala kuingia ndani, akavila pale pale katikati, kwa masikitiko, nikimwona. Nyumbani binti yangu aliacha kunywa chai ya jioni. Alikuwa anageuza kikombe chake kifudifudi na kuondoka mezani.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Ni mtu mwema, alinipa kiti.

"Mzazi, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini hayo maandishi si yetu. Ni ya kampuni. Mimi hata kuiwasha sijui."

Nikaenda kwa dada wa kampuni. Akasema kampuni huonyesha kile shule ilichoomba. Nikarudi kwa mwalimu mkuu. Akasema shule iliomba chakula. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, nikamkuta analima. Akasema kamati ilipitisha, lakini waliopitisha ni wazazi. Akaninyooshea jembe. "Wewe mwenyewe uliinua mkono, nilikuona." Nikamkumbusha kwamba nilishusha. Akasema niliinua tena. Ni kweli.

Kulikuwa na namba ya simu ukutani. Nikapiga, nikapata sauti ya mtu kabisa, si ile ya kwenye mashine. Nikampa namba ya mtoto ya shule.

"Aliyethibitishwa hapa ni mwanafunzi peke yake," akasema. "Mabadiliko huombwa na aliyethibitishwa."

"Kidole ni changu. Mimi ndiye niliyethibitishwa."

"Kwa hivyo wewe ndiye mwanafunzi."

"Kwa kidole, ndiyo."

"Wanafunzi hawaruhusiwi kupiga namba hii. Mwambie mzazi wako apige."

Nikamwambia mzazi ni mimi. Akasema mzazi hayuko kwenye sistimu. Sikumlaumu. Alisema kwa adabu, na nadhani alikuwa anasoma.

Sasa nifike leo. Mkubwa mmoja kutoka ofisi ya elimu Nakuru alikuja kuona mpango unavyofanya kazi, ili shule nyingine za huku juu ziige. Wazazi tulialikwa, mabenchi yakatolewa nje, manyunyu yakaanza, mabenchi yakarudishwa ndani ya ukumbi wa kulia. Mwalimu mkuu alinivuta kando.

"Mzazi, leo pumzika na vidole."

"Watoto watatu hawatakula, Mwalimu."

Akafikiri. "Basi kaa nyuma. Mikono mfukoni."

Nikakaa nyuma. Binti yangu alikuwa kwenye foleni kwa sababu wote waliamriwa kupanga foleni, lakini alishika sahani kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenzake.

Mkubwa alikuwa mtu mzuri, suti ya kijivu, viatu vilivyokuja na lami na kuondoka na tope letu. Alisifu maharagwe. Halafu akasema, "Na mimi niandikisheni, nionje hii teknolojia."

Dada wa kampuni akang'aa. Kidole cha mkubwa kilipokelewa mara ya kwanza, ni kidole cha ofisini. Akampiga picha kutoka chini kwa sababu mkubwa ni mrefu na yeye ni mfupi. Maswali yakaanza.

"Unaishi na nani?"

"Na mke wangu."

"Kazi ya mzazi?"

"Wazazi wangu walishafariki, dada."

"Pole sana. Sistimu inataka moja."

"Andika mkulima."

"Unakojoa kitandani?"

Mwiko wa mpishi ulisimama hewani. Mimi nilihisi vidole vyangu vikitoa jasho mfukoni.

"Hilo swali ni la nini?" mkubwa akauliza.

Dada akamwangalia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamwangalia dada. Mwenyekiti wa kamati akaangalia mlango.

"Nauliza tu. Maharagwe na kitanda vinahusiana wapi? Nani aliliweka?"

"Lilikuja na sistimu," dada akasema.

"Liruke."

"Haliruki, mheshimiwa."

Mkubwa akanyamaza. Akakohoa. Dada akabonyeza, akasonga mbele, akamwomba aweke kidole apate sahani yake. Akaweka.

Picha yake ikatokea juu, mianzi ya pua ikiwa imetangulia. Gredi: Chekechea. Mzazi: Mkulima. ANAKOJOA KITANDANI: NDIYO.

"Karibu, mwanafunzi," ikasema mashine.

Hakuna aliyecheka. Sisi ni watu wenye adabu na mgeni ni mgeni. Lakini pacha wa kwanza, polepole, kama mtu anayevua kofia kwa heshima ila kwa kinyume, aliinua sahani yake akaiweka kichwani. Wa pili akafuata. Halafu foleni nzima, sahani zikigongana. Mkubwa, ambaye hakujua desturi, akaangalia juu kuona dari inavuja wapi.

Kisha akasoma skrini.

"Mimi sikusema hivyo," akasema. "Mmenisikia wote. Nilinyamaza."

"Ukinyamaza," dada akasema kwa sauti ya chini, "sistimu inajaza ndiyo."

Ndipo nilipoona binti yangu amegeuka kwenye foleni ananitafuta nyuma kule. Aliniangalia muda mrefu.

"Hata baba yangu alinyamaza," akasema, kwa nguvu, wote wakasikia. "Alikohoa tu. Nilikuwepo."

"Baba yupi?" mkubwa akauliza.

Ilibidi nijitokeze. Nilitoa mikono mfukoni kwa kuwa sikujua pa kuiweka. "Ni mimi, mheshimiwa. Mimi ndiye Gredi ya Nne." Nikaeleza gumba ni nani, cha shahada ni nani, cha kati ni nani. Sidhani nilieleza vizuri, maana aliniuliza kama nina matatizo mengine mbali na haya. Lakini jambo la skrini alilielewa bila msaada.

"Toeni hicho kitu ukutani," akasema.

"Hatuna ruhusa kukigusa," mwalimu mkuu akasema. "Ni mali ya kampuni."

"Mtu wa kukitoa yuko Nairobi," dada akasema.

Mpishi akavua aproni yake yenye madoa ya mchuzi, akapanda juu ya benchi, akaifunika skrini, akafunga kamba nyuma. Akashuka akaanza kupakua. Hakuna aliyeweka kidole. Watoto walipita mmoja mmoja na kila mmoja alipata.

Mkubwa aliomba jina lake litolewe kwenye sistimu kabla hajaondoka. Dada akamwelekeza kwenye namba ya ukutani. Kwa haki, niliona ni vizuri nimwonye. Nilimfuata mpaka kwenye gari nikamwambia namba inafanya kazi, wanashika, ila watamwambia mzazi wake ndiye apige. Alinishukuru. Na kama yeye kule kwake anakojoa au hakojoi, hilo silijui na halinihusu. Pia amesema atamwandikia mtu barua. Hakusema nani, na nadhani bado anatafuta.

Binti yangu alikula sahani yake yote. Nilimwona kupitia dirishani, nikajificha asijue naangalia.

Jioni alimsimulia mama yake, akicheza sehemu zote, ya mkubwa, ya dada na ya mwanamke wa kwenye mashine. Mama yake alicheka mpaka akakalia gunia la kabichi, na bado alikuwa hajavua buti za barabarani. Alipomaliza akanigeukia.

"Kwa hivyo hukusema."

"Inaonekana sikusema."

"Nami nilishakuhukumu."

"Ushahidi ulikuwa dhidi yangu," nikasema, na ni kweli, hata mimi ningejihukumu.

Kesho nitaenda tena shule saa ya mchana, maana aproni si ukuta, na mpishi anaweza kuihitaji. Vidole vyangu vitatu viko Nairobi kwa majina ya watoto, na sijui vimewekwa katika nini, wala nani atavirudisha. Nimewauliza wote. Mwalimu mkuu alinipa kiti tena.

Tumekula mukimo, viazi vyetu vilivyopondwa na majani ya malenge, na kabichi iliyobaki kutoka Nakuru. Baada ya kula binti yangu aligeuza kikombe chake kikatazama juu. Akamiminiwa chai yenye maziwa mengi, akanywa, akaomba cha pili. Mama yake akamwongezea mpaka juu.